Picha Kubwa ya Mtu Aliye Hai

Katika familia yetu mtu hapewi picha kubwa mpaka afe. Akiwa hai anatosheka na vijipicha vya vitambulisho, vile vya kukatwa kwa mkasi. Siku akifa ndipo watu wanakumbuka kwamba alikuwa na uso. Wanakimbia kwa mpiga picha, uso unakuzwa mpaka unakuwa mkubwa kama meza, unazungushiwa maua ya plastiki, unawekwa mbele ya jeneza, na kila anayeingia anasema, "Eh, alikuwa mrembo kweli!" Mwenyewe hasikii. Mimi ni mwanamke mchoraji, na desturi hiyo imeniudhi tangu nilipoanza kushika brashi.

Mama ndiye aliyenipa nafasi ya kuivunja. Alirudi siku moja kutoka matanga ya mwenzake wa sokoni, akavua kitambaa cha kichwa, akaketi kwenye kibao chake jikoni.

"Nimeona ile picha ya rafiki yangu," akasema. "Ilikuwa muzuri sana. Yeye hakuiona. Bon, mi sitaki vile. We njo unajua kuchora batu, unichore. Mi nataka yangu niione na macho yangu mwenyewe."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Picha yangu iko moja tu, ile ya ku carte d'électeur, ya kupigia kura," akaendelea, "na pale niko kama mutu mwenye aliiba mbuzi."

Basi nikamchora. Mama ameshapita miaka sabini. Maisha yake yote aliuza samaki wa moshi waliokuja kwa boti za mbao kutoka Yanonge na Isangi, na kazi hiyo imeipanua mikono yake, vidole havinyooki tena. Nilimkalisha kwenye kibao kilekile, beseni la samaki limefunikwa kifudifudi karibu na miguu yake. Alinitazama kwa ukali muda wote, kana kwamba mimi ni mteja anayetaka kupunguziwa bei. Nilipojaribu kumfunga mdomo pichani ili pengo lisionekane, aligundua mara moja.

"Chora na ile jino yenye haiko," aliniambia. "Iliondoka wakati nilikuwa na mimba yako."

Nikachora na pengo. Picha ilipokamilika ilikuwa ndefu kuliko mimi. Mama alikaa mbele yake, akaikagua kuanzia miguuni. Halafu akasema kitambaa cha kichwa nimekichora kimepinda, na kwamba anataka watu waione.

Neno hilo la watu waione ndilo lililoleta vita.

Sisi wachoraji na wachongaji wa Kisangani hatuna jumba la maonyesho la kutungojea. Tukingoja tupewe, tutazeeka na rangi zetu zikauke kwenye makopo. Kwa hiyo tulikubaliana kufungua wenyewe, jioni moja, milango mitatu: ukumbi wa kuazima katikati ya mji, Makiso, ua wa rafiki yangu anayeunda sanamu kwa vyuma vya pikipiki, katika kata ya Tshopo, na ua wetu, Mangobo. Watu wangeanzia mjini, wapite Tshopo, wamalizie kwetu, nasi tungetembea pamoja nao.

Nilikodi hema na viti vya plastiki. Mwenye kuvikodisha, kazi yake kubwa ni matanga, na kwa mazoea alileta pia kitambaa cha zambarau. Jirani yetu, mjane mwenye mikono isiyotulia, alikitandika juu ya meza ya vinywaji akasema kinapendeza. Yeye ndiye pia aliyesimamisha tao la makuti ya mchikichi mlangoni, kama tunavyofanya tukimpokea askofu au bibi harusi. Picha ya mama tuliitundika kwenye ukuta wa nyumba, ikitazama barabara. Mama alioga, akavaa pagne, kitenge chake cha sikukuu, akasema atakaa jikoni kwanza. Alitaka watu wamwone ukutani kabla ya kumwona kitini.

Mchana huohuo tonton akapita. Tonton, yaani mjomba, ni mdogo wake mama, wa pekee aliyebaki, na ndiye mkuu wa familia upande wetu. Anauza nyavu na ndoano kwa jumla karibu na soko kuu. Hatoki nje bila viatu vinavyong'aa, na hakuna matanga anayoyakosa, kwa sababu anajua kusema. Tonton akisimama mbele ya jeneza, hata wapita njia wasiomjua marehemu wanatafuta leso. Siku ile alisimama chini ya tao, akaiona picha, akarudi nyuma hatua kadhaa.

"Weye! Picha ya mutu mwenye hajakufa, kubwa vile, inaangalia njia? Unaita nani?"

"Naita batu bakuye kumuona, tonton."

"Unaita lufu, unaita kifo! Lufu ikipita hapa na kuona picha ya matanga, itauliza: marehemu iko wapi?"

"Niko jikoni!" mama akajibu kutoka ndani.

Tonton hakutabasamu. Alinisogelea, akashusha sauti, na kwake sauti ya chini ndiyo ya kuogopwa.

"Donc, sikia muzuri. Mbele jua iingie, ile picha ishuke. Juu kesho dada yangu akikohoa tu, hata kukohoa ya bure, batu bote batajua ni nani alimukula."

Asiyekulia hapa anaweza kudhani ni maneno tu. Hapa kwetu, ukisemwa kwamba umemla mzazi wako, yaani umemwua kwa uchawi, huna mlango utakaofunguliwa. Nimeona watu wazima wakitolewa nyumbani kwa neno hilo, godoro kichwani, na hakuna jirani aliyethubutu kuwapa maji. Na mama alikuwa na ugonjwa wa shinikizo la damu, na malaria ilikuwa imemwacha majuzi tu. Kukohoa kwake kulikuwa jambo la siku yoyote. Nilijua tonton ananiwekea mtego ambao hali ya hewa peke yake ingetosha kuufyatua.

"Haishuki, tonton," nikasema.

Akageuka, akaenda zake. Mama akatokea mlangoni na mwiko mkononi, akanitazama kama nilivyomchora.

"Enda na kazi yako," akasema. "Picha iko yangu."

Nikaenda, na hasira yangu nikaenda nayo.

Pale ukumbini Makiso hasira hiyo ilipata chakula. Kuta zote nne zilikuwa na wavuvi wa maporomoko ya mto wetu. Wavuvi asubuhi, wavuvi jioni, wavuvi na vikapu vyao vikubwa kushoto, wavuvi na vikapu vyao vikubwa kulia. Sina ugomvi na wavuvi, hata baba yangu alivua. Lakini nawajua wachoraji wale, najua wanachochora wakiwa peke yao nyumbani, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amethubutu kukileta. Bwana mmoja mwenye tai, ndiye aliyetuazima ukumbi, alikuwa akipita na glasi ya juisi akipongeza kila fremu.

"Na wewe mama, wavuvi wako wako wapi?" akaniuliza.

"Mimi nimemchora mama yangu."

"Akiwa anavua?"

"Akiwa amekaa."

Alifikiri kidogo. "Wageni hupenda maporomoko," akasema kwa upole, kama mtu anayemshauri mgonjwa.

"Wageni gani?" nikamwuliza, na nikageuka ili naye ageuke. Ukumbini kulikuwa na walimu, wauguzi waliotoka zamu, wanafunzi wa chuo kikuu, wafanyabiashara wawili watatu wenye asili ya Kivu ya Kaskazini ambao wanauza pamoja na tonton kule sokoni, na mapadri vijana waliokuwa wakimaliza karanga. Wote ni watu wa hapa, na maporomoko wanayajua tangu utotoni. Bwana mwenye tai akasema ni kweli, akaenda kupongeza fremu nyingine. Rafiki yangu wa vyuma alinivuta mkono kabla sijaongeza neno. Ananijua.

Kwake Tshopo mambo yalikuwa mengine, na nafsi yangu ilitulia. Ua wake ulijaa madereva wa pikipiki waliokuwa wakipita tu, wakaona kuku mkubwa wa minyororo, wakazima injini. Waliingia wakiwa na kofia zao vichwani, wakaanza kubishana mbele ya sanamu.

"Ile shingo ni amortisseur!"

"Amortisseur ya nani? Ile ni yangu, angalia pale iliinama siku nilianguka Bengamisa!"

"Basi we uko sanamu sasa, mukubwa!"

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Hakuna aliyewaambia wasiguse. Yule wa Bengamisa alizunguka kuku yule polepole, akashika chuma chake, shokapu iliyopinda, na uso wake ukabadilika. Alikitazama kama mtu aliyekutana na nduguye mjini bila kutarajia. Nikamwambia rafiki yangu kwamba hii ndiyo kazi, na mengine yote ni juisi na karanga.

Upepo ukaanza wakati huo. Ulikuwa ule upepo wa kabla ya mvua, unaokuja na vumbi na mifuko ya plastiki, na mabati ya majirani yakaanza kupiga kelele. Taa zikazimika mtaa mzima, kama kawaida yake. Baada ya kama nusu saa dereva mmoja akaingia uani akifuta macho.

"Mangobo msipite ile avenue ya kanisa," akawaambia wenzake. "Njia imefungwa, banaweka makuti chini. Kuko matanga. Mama mumoja wa samaki amekufa, picha yake iko pale, batu banalia."

Mji huu kila mtu anajua maana ya makuti yaliyolazwa barabarani. Mwendesha pikipiki anazima muziki, anapunguza mwendo, wengine wanashuka na kusukuma. Makuti yakisimama ni sherehe. Yakilala ni kifo.

Ile avenue ya kanisa ni yetu. Mama wa samaki ni mmoja. Simu ya mama ilikuwa imezimwa, na ya jirani haikupokelewa. Yule wa Bengamisa alinipandisha pikipiki yake bila kuniuliza naenda wapi, rafiki yangu akafuata kwa nyingine.

Njiani sikulia. Nataka niseme ukweli, kwa sababu ni rahisi baadaye kujivika ushujaa: njia nzima nilimwamini tonton. Mimi niliyesoma, mimi ninayewacheka wanaotupa chumvi mlangoni, nilishika mabega ya dereva nisiyemjua nikasema moyoni, nimemla. Nimemtundika ukutani na lufu imepita ikamwona. Niliona jinsi nitakavyotolewa na godoro langu. Niliona picha ile ikiwekwa mbele ya jeneza, na watu wakisema alikuwa mrembo kweli. Kilichoniuma zaidi ni kwamba alikuwa bado jikoni nilipomwacha, na kwamba watu hawakuwa wamepata nafasi ya kumwona kitini.

Makuti yalikuwa barabarani kweli. Pikipiki zilikuwa zikisukumwa. Kulikuwa na giza, na mwisho wa giza hilo, kwenye ukuta wetu, uso wa mama ulikuwa ukiwaka kwa mishumaa iliyopangwa chini yake. Kando yake ile meza ya zambarau. Watu walisimama katikati ya viti vya plastiki wameinamisha vichwa, na mwanamke mmoja wa kwaya alikuwa akiomboleza kwa sauti ndefu.

Nikaruka kabla pikipiki haijasimama. Ndipo nikasikia:

"Lia muzuri! Ile sauti ya ku misa iko wapi? Ni mimi unalilia ao ni kuku?"

Mama alikuwa ameketi kwenye kibao chake, chini ya picha yake, sahani ya lituma, ndizi za kupondwa, magotini, akila. Waombolezaji walikuwa wamejipanga mbele yake kama watu wa komunyo.

Jirani mjane alinirukia, akanieleza yote kwa pumzi moja. Upepo ulilibomoa tao, makuti yakaangukia barabarani. Umeme ulipokatika na upepo kutulia kidogo, alisikitika picha iko gizani, akawasha mishumaa ya kanisani. Hakufikiri zaidi. Mtu wa kwanza alipoingia akilia, alidhani amefiwa kwao. Wa pili alipoingia akilia, akakumbuka kitambaa cha zambarau, akaelewa. Alikimbia jikoni kumwambia mama kwamba barabara nzima inamlilia. Mama akauliza kama kuna viti vya kutosha, akabeba sahani yake, akatoka.

Nilipiga magoti mbele yake nikamshika mikono. Ilikuwa na joto na mafuta ya ndizi. Nikalia sasa, kwa sauti, mbele ya watu wote.

"Weye pia?" mama akaniambia. "Sawa. Ingia mu mustari."

Aliyekuwa mbele ya mstari alikuwa muuza kwanga, ile mikate ya muhogo, wa pale kona. Mama alikuwa amewawekea wote sharti moja, na hakuna aliyeruhusiwa kukaa kabla ya kulitimiza.

"We ulikuya ku matanga yangu," akamwambia. "Juu ya kusema nini? Ile ungesema ku jeneza, sema sasa. Masikio iko."

Muuza kwanga alipindapinda kitambaa chake. Alisema mama alikuwa mkali. Watu wakacheka. Halafu akasema kwamba mwaka ambao mtoto wake aliugua, mama ndiye aliyekaa sokoni na kuuza kwanga zake pamoja na samaki wake, hakusema kwa mtu, na kwamba yeye alipanga kulisema siku ya kuzikwa. Mama aliacha kutafuna. Akaitikia kwa kichwa, akamwonyesha kiti. Wakaja wengine. Madereva walioacha pikipiki zao nje waliingia nao, ingawa walikuwa hawamjui, wakasema picha ni ya mtu ambaye wangependa kununua samaki kwake. Bwana mwenye tai alifika na watu wa ukumbini, akaona makuti na mishumaa, akakunja uso wa huzuni, akamshika mama mkono kabla ya wengine.

"Pole sana, mama. Marehemu alikuwa ndugu yako? Mnafanana."

"Asante, papa," mama akasema. "Hata mi mwenyewe imeniuma."

Kicheko kilipozuka, bwana yule alicheka kuliko wote, akafungua tai. Nilimpenda kidogo kuanzia hapo.

Sikujua kwamba mtu alikuwa ameshapiga picha ya ule ukuta na mishumaa yake, akaituma kwenye simu. Picha ilifika sokoni kabla ya habari ya ukweli. Wale wafanyabiashara wenzake tonton, waliochelewa kuondoka mjini, ndio walioipokea, wakakimbilia nyumbani kwake na rozari zao, wakamwambia pole, dada yako.

Gari lilisimama nje ya makuti. Tonton alishuka. Alivuka barabara akishika kichwa kwa mikono yote miwili, akilia kama mtoto, bila neno hata moja katika yale maneno yake mazuri. Miguuni alikuwa na kandambili, na hazikuwa za jozi moja. Katika maisha yangu sikuwahi kuona vidole vya miguu vya tonton.

Alimwona mama. Alisimama. Mama naye alimwona, akashusha sahani.

"Kuya karibu," akamwambia taratibu. "Niko."

Alikuja, akamgusa begani, akamgusa shavuni, kisha akaona watu wote wanamtazama, na hofu yake ikageuka hasira kabla sijapepesa macho.

"Ushushe!" akanipigia kelele. "Ushushe sasa hivi! Umeona kile umefanya? Umeona?"

Nilisimama kati yake na ukuta. Kimo changu kinafika kifuani kwake, na mishumaa ilikuwa ikinichoma visigino.

"Haishuki," nikasema. "Mi naogopa, tonton. Naogopa kupita weye. Ku njia nilijua nimemuua. Lakini akifa kesho, ao akifa kiisha miaka kumi, amejiona. Na batu bamemuambia. Hiyo hautaiondoa, hata ukiondoa picha. Donc haishuki."

"Kesho akikohoa..."

"Akikohoa, tutamupa maji!"

Nilisema kwa sauti ambayo haisemwi mbele ya mjomba. Mama akamwonyesha nduguye kiti kwa kidevu.

"We unajua kusema ku matanga ya batu bote," akamwambia. "Yangu njo hii. Sema."

Tonton alifungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Akajaribu tena. "Haba... habasemi kwa mutu mwenye hajakufa," akasema mwishoni, na huyo ndiye yule mtu anayewaliza wapita njia. Alivuta kiti, akakigeuza, akaketi akiipa picha mgongo, uso barabarani, mikono kifuani. Mama akasema si vibaya, hata mgongo ni mgeni.

Basi mvua ikaja. Ilikuja kutoka upande wa barabara, imelala kabisa, ikaingia chini ya hema na kumpiga kila aliyekaa akitazama nje. Watu walivuta viti kuelekea ukutani wakicheka na kusukumana. Nikakimbilia picha na kipande cha plastiki, nikakuta madereva wameshavuta turubai la hema juu yake, wamelishika kwa mikono yao, kofia vichwani, yule wa Bengamisa katikati. Tonton alivumilia. Alivumilia mpaka maji yakaanza kumtiririka kwenye nyusi. Halafu akageuza kiti, kwa sababu mtu hawezi kubishana na mvua kwa uso, na picha ikawa mbele yake, karibu kabisa.

Nilikuwa nimesimama pembeni nikimtazama, na sikuwa na huruma. Nilitaka aone. Alianza na beseni, akapanda hadi kwenye magoti. Alipofika kwenye mikono alikaa hapo. Mama aliachwa na mama yao akiwa binti mdogo, na tonton akiwa bado mgongoni. Mikono ile ndiyo iliyomfungia mbeleko kutoka Yanonge, ndiyo iliyotoa magamba ya samaki mpaka yeye akasoma, akavaa viatu.

"Mikono iko yake," akasema. Hakusema nami, wala na mama. Alisema tu.

Hakuongeza neno jioni ile. Mvua ilipopungua alikunywa chai iliyopoa, akaondoka na kandambili zake, bila kusema picha ishuke wala ibaki. Wageni waliondoka mmoja mmoja, kila mmoja akimuaga mama kwanza ukutani, kisha kitini. Wakaokota makuti barabarani wakaturudishia. Rafiki yangu wa vyuma alisema maonyesho yangu yamefaulu kwa kosa. Nilimwambia hapana, kosa limetusaidia tu.

Asubuhi mama alikohoa.

Nilikuwa uani nikikausha viti. Makaa yalikuwa yamelowa usiku, moshi umejaa jikoni, na kikohozi kikatoka kirefu, kikavu, kikapita juu ya uzio. Jirani mjane aliyekuwa akifagia kwake akasimamisha ufagio. Mpita njia mmoja akageuza shingo. Nilishika kiti cha plastiki nikabaki nimekishika, kwa maana kila mtu Mangobo alikuwa amesikia kile tonton alichoanza kusema jana mbele ya wageni.

Mama akatoka jikoni akipunga moshi. Aliniangalia, akamwangalia jirani, akaangalia barabara. Akaninyooshea kiganja.

"Patia mi simu."

Alimpigia nduguye. Alipopokea, mama hakumsalimia. Alileta simu karibu na mdomo akakohoa ndani yake, kwa makusudi, kwa nguvu zake zote, mara nyingine na nyingine tena, mpaka jirani akaketi chini kwa kicheko.

"Umesikia?" akasema alipomaliza. "Ni moshi. Picha haijashuka. Kuya kunywa chai, na leo uvae viatu."